Mbwa wa Kituoni Anataka Nyumba ya Namna Gani?

Ukipita katika mitaa ya Nairobi na vitongoji vyake ambako watu wamejenga nyuma ya ukuta, kuanzia Karen hadi Kitengela, utasoma maneno mawili yale yale geti baada ya geti: Mbwa Kali. Pengine ndani hamna mbwa hata mmoja, bango limeachiwa kazi yote. Pengine yumo mmoja mnene, amejilaza kivulini, hana habari kwamba ametangaziwa ukali. Nayataja mabango hayo kwa sababu hofu iliyoyabandika ndiyo inayowapeleka watu wengi kwenye vituo vya kuokoa wanyama. Jirani kaibiwa, familia imeshtuka, mtu kasikia kwamba pale kwenye kituo cha KSPCA, Barabara ya Lang'ata, kuna mbwa wanaotafuta pa kwenda, na kwamba gharama yake haikaribii bei ya German Shepherd mwenye karatasi za ukoo. Jumamosi wote wanaingia garini.

Kutaka ulinzi si vibaya. Lakini hilo ndilo la kwanza kulipambanua, maana wengi wanaosema wanataka mbwa wa kulinda hawajakaa chini kujiuliza wanataka afanye nini hasa.

Mbwa anayeishia kituoni hakutoka shule ya ulinzi. Mmoja mfugaji wake kahamia ng'ambo, au kapanga ghorofani asikoruhusiwa kufuga. Mwingine ni mtoto wa jike aliyezalia vichakani nyuma ya soko. Mwingine kagongwa na pikipiki, msamaria akambeba. Wengi ni mbwa wetu wa kienyeji, hao tuwaitao koko: manyoya mafupi ya rangi ya udongo au meusi, uzito wa kilo kumi na tano hadi ishirini hivi, miguu mirefu, akili nyingi. Wanastahimili jua na mvua, na wanabweka vizuri sana. Kwa nyumba ya kawaida, kubweka huko ndiko ulinzi. Mwizi wa usiku anatafuta nyumba iliyo kimya. Mbwa anayeamsha mtaa mtu akigusa ukuta amekwisha maliza kazi yake. Anayeuma ni habari nyingine kabisa. Huyo hatofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake, wala kijana aliyeleta mtungi wa gesi, na siku akimtoa mtu damu, anayetafutwa ni mwenye mbwa. Kama kweli unataka mnyama wa kushambulia, kituoni si mahali pake. Kampuni za ulinzi zina mbwa waliofunzwa na watu wa kuwashika kamba, na hata wao hawamwachi mbwa wa namna hiyo azurure uani na watoto.

Kuna desturi moja ya ufugaji niipinge kabla hatujaendelea. Imeenea mno hivi kwamba watu huiona ndiyo kanuni: mbwa anafungiwa mchana kutwa, anafunguliwa usiku. Banda la mabati linasimamishwa pembeni mwa ploti, karibu na tangi la maji, mlango wa wavu unaelekezwa ukutani ili mbwa "asizoee watu", na humo anakaa tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi watu wamemaliza kula usiku. Wanaoitetea husema mbwa aliyezoea watu hupoa. Kinachotokea ni kinyume. Mbwa asiyeona watu hajifunzi kumtofautisha mgeni wa heri na wa shari. Anajifunza kuogopa kila kitu, na mbwa mwoga ndiye anayeuma bila kutoa onyo. Fikiria sasa umemtoa mnyama kwenye kizimba cha kituo, ambako angalau kulikuwa na wenzake na mtunzaji anayemwita kwa jina, ukamtia kwenye kizimba cha mabati peke yake. Kama mpango wa nyumba yako ni huo, ushauri wangu ni mfupi: usimchukue.

Kwa hiyo swali lenye uzito kuliko yote halihusu mbwa. Nani yuko nyumbani?

Katika nyumba nyingi za mjini, anayemleta mbwa siye anayemlisha. Baba ametaka ulinzi, watoto wametaka rafiki na wamekwisha kumpa jina la Simba, mama amekubali ili kelele ziishe. Wote hao saa moja asubuhi wameondoka. Anayebaki ni dada wa kazi, na mara nyingi yeye ndiye pekee ambaye hakuulizwa. Jumatano saa nne ana mtoto mchanga mgongoni na beseni la nguo mikononi, kamba ya kuanikia iko nyuma ya nyumba, na mbwa amesimama katikati ya njia akimtazama. Dada huyu alikimbizwa na mbwa akienda shule ya msingi na kovu analo kwenye shavu la mguu. Anafanya analoweza: anarusha chakula kutoka mlango wa jikoni na kuufunga haraka. Mbwa anaelewa kwamba mlango ule ukifunguka kuna kitu, anaanza kuurukia. Dada anachukua fagio. Mwezi haujaisha, taarifa inayomfikia baba jioni ni kwamba mbwa amekuwa mbaya, na kila mmoja anaamini hivyo.

Muulize mapema, na umuulize vizuri. Ukisema, "Tunaleta mbwa, sawa?" atakujibu, "Sawa tu, Mama Brian," kwa sababu kazi anaitaka. Muulize kama amewahi kung'atwa. Muulize kwao mbwa walifugwaje. Mchukue mwende naye kituoni, na mtazame yeye zaidi ya unavyomtazama mbwa. Akiwa tayari, elewaneni nani atafagia uani, nani atapika chakula cha mbwa, na ni kiasi gani kitaongezwa kwenye mshahara, kwa kuwa hiyo ni kazi mpya juu ya kazi. Akikuambia hataweza, basi nyumba yako imekwisha jibu, isipokuwa kuna mtu mwingine anayeshinda hapo. Sioni aibu yoyote katika jibu hilo.

Wengine wa kuwauliza ni wale ambao hawaishi kwako ila wana sauti. Mama mkwe anayekuja kukaa miezi miwili wakati wa uzazi. Mwenye nyumba, kama umepanga. Yeye akisema kwa simu kwamba hakuna shida, mwombe akuandikie ujumbe, kwa sababu mpangaji wa juu akianza kulalamikia kelele za usiku, kumbukumbu za mwenye nyumba hubadilika. Kama mnaishi ploti yenye geti moja na milango minane, ua si wako peke yako: kuna nguo za watu kwenye kamba, kuna watoto wanaotambaa, kuna mkaa na masufuria nje. Mbwa mzima anaweza kuishi vizuri katika nyumba ya ghorofa ikiwa yupo mtu wa kumtembeza asubuhi na jioni bila kukosa. Katika ploti ya pamoja ni vigumu zaidi, kwa vile kila mlango una msimamo wake kuhusu mbwa.

Kwa kaya za Kiislamu, na kwa yeyote anayeishi jirani na Waislamu, jambo hili halipitwi juu juu. Waislamu wengi wa Kisunni wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Wafuasi wa Maliki wana rai nyepesi zaidi kuhusu mbwa mwenyewe. Mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo ameruhusiwa, na ndiyo sababu utawakuta katika mashamba ya Waislamu wengi bila mtu kushangaa. Fatwa ni kazi ya shehe wako. Mimi ninachoweza kusema ni cha mpangilio wa nyumba: mbwa awe na ua wake na vyombo vyake, visioshewe sinki la jikoni, na awe na mlango ambao havuki kuelekea mahali pa kusalia. Na kama unaishi mtaa ambao majirani hupita mbele ya geti lako alfajiri wakienda msikitini, saa hiyo usimtoe mbwa bila kamba. Mzee aliyekwisha tia udhu, mwenye kanzu safi, hataki kunuswa na mbwa aliyelowa umande, hata kama mbwa huyo ana tabia njema kuliko wote mtaani.

Nikirudi kwenye ua wenyewe, kuna zoezi rahisi ambalo watu hawalifanyi. Zunguka ploti yako umeinama, macho yakiwa usawa wa goti. Tundu ambalo hulioni ukiwa umesimama litajitokeza: pale bomba la maji taka lilipopita, pale ua wa kayaba ulipokauka, chini ya geti ambapo mvua imechimba mtaro. Pakipita kichwa cha mbwa mwembamba, mwili mara nyingi utafuata. Mbwa mpya hutoroka zaidi katika siku za mwanzo, kabla hajajua kwamba hapa ndipo kwake, na akishatoka hajui njia ya kurudi. Nani hufungua geti kwenu, na hulifungua mara ngapi kwa siku? Nyumba yenye geti linaloachwa wazi kila gari linapotoka inahitaji kwanza kubadili tabia ya watu wake.

Na kuku je? Swali hili wakazi wa Karen hawaniulizi, ila wa Kiserian, Ruiru na Ngong huliuliza, na wana haki. Mbwa aliyekulia mtaani akijitafutia chakula ameona kuku kuwa chakula. Wapo wanaofundishika na wapo wasiofundishika. Kama kuku wako wanazunguka uani mchana, omba kituoni mbwa anayejulikana kuwa ameishi na mifugo, au mtoto wa mbwa utakayemkuza nao, au jenga uzio wa kuku kwanza. Wakikuambia hawana anayefaa kwa sasa, subiri.

Gharama watu huihesabu kwa kuangalia chakula pekee, na hata hicho hukosea. Mbwa wa kilo kumi na tano anayelishwa chakula kikavu cha kununua anahitaji kama gramu 250 kwa siku, yaani takribani kilo saba na nusu kwa mwezi. Angalia bei ya duka la karibu nawe na ufanye hesabu. Anayempikia anaweza kutumia ugali au wali pamoja na omena, matumbo ya buchani, maini kidogo, mboga kama karoti na sukuma wiki, bila chumvi nyingi wala vitunguu. Ugali mtupu na mchuzi uliobaki haumtoshi. Mbwa wa ugali mtupu utamjua kwa manyoya yaliyofifia na mbavu zinazohesabika huku tumbo limejaa. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo, kwa hiyo sahani za Krismasi zisimiminwe bandani.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mfugaji wa Afrika Mashariki alijue. Unga unaouzwa bei ya chini kwa kuwa "ni wa mbwa tu" mara nyingi ni wa mahindi yaliyoota ukungu. Ukungu huo hutoa sumukuvu, ile inayoitwa pia aflatoksini. Ndiyo iliyoua zaidi ya watu 100 nchini Kenya mwaka 2004, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya mahindi kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Ini la mbwa huathirika nayo haraka sana. Anaanza kwa kukataa chakula na kutapika, ufizi na weupe wa macho unageuka manjano, na wengi hawaponi. Kupika hakuiondoi. Mahindi ambayo wewe hungeyala usimpe, na ukiona huwezi kumnunulia unga ule ule mnaokula, jua kwamba bajeti haijatosha.

Juu ya chakula weka dawa ya minyoo, ambayo madaktari wengi wa mifugo hushauri kila miezi mitatu, na dawa ya kupe, ambayo huku kwetu si anasa: kupe huleta homa zinazoharibu damu, na mbwa aliyekuwa akirukaruka Jumatatu anaweza kuwa hoi Ijumaa. Weka chanjo za kila mwaka. Weka akiba ya dharura, kwa maana mbwa huvunjika mguu bila kutoa taarifa. Kisha zidisha kwa miaka. Mbwa wa kienyeji anayetunzwa huishi miaka kumi na zaidi, wengine kumi na mitatu. Mtoto wa Gredi ya 4 anayemlilia leo atakuwa chuoni mbwa akiwa bado uani, na ninyi wazazi ndio mtakaobaki naye. Kama kuna uwezekano mkubwa wa kuhamishwa kikazi au kwenda kuishi nje ya nchi katika miaka miwili ijayo, lifikirie hilo sasa. Simulizi nyingi za mbwa waliorudishwa zinaanza na uhamisho.

Kituo chenye utaratibu mzuri kitakupa mbwa aliyekwisha hasiwa, au jike aliyefungwa kizazi, na kadi ya chanjo. Usione kuhasiwa kuwa ni kumharibu. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi na anaweza kuzaa watoto sita au nane kwa mkupuo mmoja, na hao ndio watakaojaza vichaka vya mwaka ujao. Isitoshe, mbwa wa mtaani huambukizana wakipandana uvimbe wa saratani kwenye sehemu za siri. Unatibika, lakini kwa sindano za wiki kadhaa na kwa gharama. Uliza kama daktari amemkagua kwa hilo, hasa akiwa mbwa mzima aliyeokotwa.

Kadi isome mwenyewe. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi mitatu, kwa hiyo mtoto wa mbwa wa wiki nane anayetangazwa kuwa "amechanjwa kila kitu" ana maelezo ya kutoa. Ugonjwa huu tumeuzoea kwa jina kiasi cha kusahau ukali wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na takribani asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, kifo ni karibu hakika. Upande wa pili ni kwamba unazuilika kwa ukamilifu usio wa kawaida katika magonjwa: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi hukatika. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030. Kwa hiyo mbwa wako mwenye kadi halindi nyumba yako peke yake. Ni mmoja katika hiyo asilimia 70. Na mtu yeyote wa nyumbani aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, wako au wa jirani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa au majani ya kuponda visiguse kidonda.

Tuseme umefika hapa na bado unataka. Nenda kituoni siku isiyo na haraka, na nendeni wote mnaoishi pamoja. Watoto wataenda moja kwa moja kwenye kizimba cha watoto wa mbwa, na hapo ndipo mzazi anapopaswa kuwa mgumu. Mtoto wa mbwa ni kazi ya miezi: atakojoa sebuleni, atatafuna kiatu cha shule, atalia usiku, naye hujui atakuwa mbwa wa namna gani. Mbwa wa miaka miwili au mitatu unamwona alivyo, na kwa kaya yenye watu wanaoshinda kazini, ningependekeza huyo kila mara. Mbwa wazima ndio hukaa kituoni muda mrefu zaidi bila kuchukuliwa, kwa sababu hawana sura ya kupigiwa picha.

Usisimame mbele ya wavu ukamkodolea macho. Simama ubavu, nyamaza, mwache aje. Anayekuja polepole, mwili ukiwa laini, mkia ukipepea chini ya mgongo, akanusa na kubaki, ana nafasi nzuri katika nyumba yenye watu wengi. Anayerukia wavu na kubweka bila kukoma huenda ni furaha, huenda ni msongo. Omba atolewe nje kwa kamba umwone mbali na kelele za wenzake. Anayejibana kona ya nyuma si mbwa mbovu, ila anahitaji mtu mmoja mtulivu na miezi mingi, na nyumba yenye watoto watatu haiwezi kumpa hilo.

Kisha fanya hivi. Ukiwa hatua chache kutoka kwake, inama kama unayefunga kamba za kiatu. Mbwa wa mitaa yetu anajua kwamba mtu akiinama anaokota jiwe. Wengi watashtuka, hilo lisikutishe. Tazama kinachofuata. Mmoja ataruka nyuma, atatazama mikono yako mitupu, na baada ya muda mfupi atarudi kunusa. Huyo ana moyo wa kusahau. Mwingine atabaki amebana mkia hadi uondoke. Wa tatu atanguruma na kukaza mwili, na huyo siyo wa nyumba yenye mtoto anayeinama kila dakika kuokota mwanasesere.

Mtafute mtunzaji, yule mwenye gambuti na ndoo, kwa sababu ofisini wana faili lakini yeye ana asubuhi na jioni za mbwa huyo. Muulize anakula vipi akiwa na wenzake, anaogopa nini, anaelewana na paka, aliwahi kuchukuliwa akarudishwa, na kwa nini. Aliyerudishwa mara moja usimkatae kwa hilo, sikiliza sababu. "Alikuwa anabweka usiku" ni sababu ya watu waliotaka bango, si mbwa. "Alimng'ata mtoto alipokuwa anakula" ni sababu ya kumwacha kwa wasio na watoto. Kituo nacho kikikuuliza maswali mengi, kikataka kuja kuona ukuta wako na utie sahihi kwenye fomu, usikasirike. Wanaokupa mbwa dakika kumi baada ya kufika ndio wa kuwatilia shaka.

Mkimleta nyumbani, wiki za mwanzo zinahitaji utulivu, si sherehe. Wafugaji huzungumzia siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu: siku tatu za bumbuwazi, wiki tatu za kujifunza ratiba, miezi mitatu hadi mbwa aanze kuishi kama wa hapo. Si kanuni ya hisabati, lakini inakusaidia usimhukumu mapema. Siku ya kwanza anaweza kukataa chakula na kulala kutwa. Siku ya nne anaweza kuanza kubweka hadi ujute. Usialike majirani kuja kumwona. Usimwogeshe siku hiyo hata kama ananuka. Mtoe kwa kamba hata ndani ya ukuta wako mwenyewe, mwonyeshe geti, mwonyeshe pa kujisaidia, mlishe saa zile zile, na mtu yule yule. Watoto wafundishwe mambo mawili na yasirudiwe mara moja tu: mbwa anayekula haguswi, mbwa aliyelala haamshwi. Mtoto wa chini ya miaka sita asiachwe naye peke yake, hata dakika ya kwenda kupokea simu.

Na isipowezekana? Hutokea. Mtoto amepata mzio wa kifua, kazi imeisha, au mbwa na nyumba vimekataana tu. Mpigie simu aliyekupa mbwa kabla mambo hayajaharibika, usingoje hadi ameuma mtu. Vituo vingi hutaka arudishwe kwao, na vingine vimeandika hivyo kwenye fomu uliyotia sahihi. Kumpakia garini usiku na kumshusha karibu na soko la mtaa mwingine ni ukatili, na sheria za kuzuia ukatili kwa wanyama zipo Kenya na Tanzania pia, ambayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Wale ambao baada ya hesabu zote wameona jibu ni hapana, au bado, wana la kufanya pia. Vituo vingine hukaribisha watu wa kutembeza mbwa au kumlea mmoja kwa wiki chache hadi apone, na hiyo ni njia nzuri ya kuipima nyumba bila kuifunga kwa miaka kumi na mitatu. Na karibu kila mtaa una koko asiye wa mtu, anayelala mbele ya kibanda cha soja na kulishwa makombo ya buchani. Kampeni za chanjo ya bure ya kichaa cha mbwa hufanyika sehemu nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti kituo cha karibu kitakuwa wapi, mwombe soja amshike kwa vile anamfahamu, nenda na kamba imara, na fika asubuhi mapema kabla mbwa walio kwenye foleni hawajaanza kugombana.